Saa za Oiva pale Saarikoski

Raili Moilanen alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa karibu tupu. Asiyewajua watu wa kijiji cha Pahkala angesema ni wavivu, na hapo angewasingizia vibaya mno. Tangu katikati ya Juni watu ishirini na tatu walikuwa wakishinda mtoni kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mabuti ya mpira mpaka kiunoni, mbu wakiwatafuna shingo, wakibeba changarawe kwa ndoo na kuimwaga majini mahali ambapo samaki aina ya trauti wangekuja kutaga mayai. Mikono ilitoka malengelenge, migongo ikagoma. Kazi ilionekana kwa macho. Ila kwenye karatasi, mtu aliyefanya kazi katika mto Pahka kiangazi kizima alikuwa mmoja tu, Raili mwenyewe, saa hamsini na nane.

"Mwanamke wa shoka!" alisema Jarmo, dereva wa mashine ya kijiko, akiichungulia ile fomu kutoka kwenye kiti chake cha juu. "Tani arobaini za changarawe peke yako. Na mimi nilidhani umestaafu."

"Cheka tu," Raili akamjibu. "Ijumaa saa tisa fomu hii isipojaa, Jumatatu unapakia hilo likijiko lako kwenye lori, unarudi kwenu."

Jarmo akaacha kucheka, maana hilo lilikuwa kweli tupu.

Fedha za kuurudisha mto Pahka katika hali yake zilikuwa za umma, nusu za serikali ya Ufini, nusu za Umoja wa Ulaya, na fedha za umma zina sharti: nawe mwenye mto utoe chako. Pahkala hela haina. Ina wazee, ina msitu, ina duka lililofungwa mwaka juzi. Basi ofisi ya mkoa ikakubali kwamba mchango wa kijiji uwe jasho. Saa mia sita za kujitolea, kila saa na jina la mtu, tarehe, aina ya kazi, na saini ya aliyeifanya. Zikitimia, fedha ya awamu ya mwisho inatoka na kijiko kinaingia Saarikoski. Zisipotimia, haitoki. Na kazi ya ndani ya maji sharti iishe Agosti, kabla samaki hawajaanza kupanda, kwa hiyo hapakuwa na cha "tutamalizia mwakani". Mwakani fedha hiyo ingekuwa imekwenda kwenye mto wa watu wengine.

Saarikoski ndiyo maporomoko ya mwisho, pale mto unapokaribia ziwa. Juu yake walikuwa wamekwisha kutengeneza maporomoko manne, mawe yamerudi mahali pake, maji yanapiga kelele za zamani. Lakini trauti anatoka ziwani, na akifika Saarikoski anakuta mfereji ulionyooka, maji yanamsukuma kifuani, anageuza. Bila Saarikoski, kazi yote ya juu ilikuwa ni kupaka rangi nyumba isiyo na mlango. Raili aliuona mfereji huo dirishani kwake kila asubuhi akinywa kahawa, na ulimuuma. Miaka miwili alikuwa akiandika maombi ya fedha hizi! Amejifunza maneno ya kiofisi ambayo hata marehemu mumewe, mwalimu mzima, asingeyajua. Na sasa yote yanakwenda kukwama kwa ajili ya kalamu.

Kwa nini watu hawakusaini? Nivumilieni kidogo, maana ukaidi huu una mizizi. Pahkala, jirani akiezeka paa, unakwenda. Akichimba viazi, unakwenda. Mwenyeji anawalisha supu ya samaki, anawasha sauna, mnaoga, mnaachana kwa heri. Wenyewe wanaiita talkoot, sisi tungesema msaragambo, na shughuli ni ile ile. Lakini kuandika kwamba umemfanyia jirani saa ngapi, hilo ni sawa na kumpelekea ankara. Afadhali uonekane unamwibia kuni.

Hata hivyo wangesaini. Raili alikwishawaeleza, na si watu wasioelewa. Tatizo lilianza siku ya kwanza, wakati wa kahawa, alipompa fomu na kalamu mkubwa wao, Oiva Karppinen. Oiva ana miaka themanini, na ndiye aliyekuwa akiwaonyesha kila jiwe lilikaa wapi zamani. Mtu huyo alifika mtoni kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Aliitazama ile fomu kwa muda mrefu, uso hauna kitu.

"Mimi siandiki," akasema, akampa aliyekaa pembeni yake.

Wa pembeni alikuwa Eila, jirani wa Raili, mwoka mikate mitamu ya iliki ya kijiji kizima. Eila akawaza: kama Oiva hasaini, mimi nani? Akaipitisha. Fomu ikazunguka duara, ikarudi mikononi mwa Raili nyeupe kama ilivyotoka. Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Jumamosi hivyo hivyo. Mwezi na nusu!

Na kosa lenyewe ni hili, kosa ambalo nadhani ni wao peke yao duniani wangeweza kulifanya: hakuna aliyemuuliza Oiva kwa nini. Hata mmoja. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Pahkala kuuliza ni utovu wa adabu. Eila alidhani mzee ni mnyenyekevu. Jarmo alidhani anaichukia Ulaya. Raili alidhani ameudhiwa na kitu, na atapoa. Kila mtu alikuwa na jibu lake mfukoni, na mwenye jibu la kweli alikuwa pale pale katikati yao, ndoo mkononi.

Jumanne ya wiki ya mwisho Raili alimpigia simu Henna, yule binti wa ofisi ya mkoa aliyesimamia mradi wao. Binti mwenyewe ni mzuri, mkweli, na sheria anazijua mpaka vituo na mikato.

"Henna mwanangu, niongezee wiki moja."

"Siwezi kukuongezea hata siku moja, Raili. Saa unazo?"

"Ninazo. Zote nimeandika kwenye daftari langu, za kila mtu. Mia sita arobaini na moja."

"Zimesainiwa?"

Raili akasema, nusu utani, nusu si utani, "Mwandiko wao naujua. Kila Krismasi wananiandikia kadi."

"Hilo sijalisikia," alisema Henna. "Na wewe hujalisema."

Lakini Raili alikuwa amelisema, na jioni ile alikaa mezani na kalamu. Msimhukumu haraka. Akachukua pembe ya gazeti akajaribu O ya Oiva, ile yenye mkia kama wa kiluwiluwi. Ilitoka sawasawa kabisa. Akaiangalia, akaona haya mpaka masikio yakamwaka, akalitia gazeti zima kwenye jiko la kuni, na habari za dunia alikuwa hajazisoma. "Mwizi mkubwa wewe," akajiambia kwa sauti. "Unaogopa kumuuliza mtu swali moja, huogopi kumwibia jina."

Asubuhi yake akaichukua fomu, akaenda kwa Oiva.

Alimkuta uani anapanga kuni. Wakasalimiana, wakasema juu ya mvua, kwamba haijaja. Oiva akatenga kahawa kwenye meza ya nje. Wakanywa. Wakatazama msitu. Pahkala watu wawili wanaweza kukaa hivyo saa nzima na wote wakarudi nyumbani wakisema wamezungumza vizuri. Kikombe cha pili kikaisha. Raili akaona kwamba asipofumba macho akatumbukia, atarudi na fomu yake tupu.

"Oiva," akasema, "kwa nini hutaki kusaini?"

Moyo ulimpiga kana kwamba amevua nguo mbele za watu. Oiva akaweka kikombe chini.

"Mwezi na nusu," akasema, "nangoja mtu aniulize."

"Mwezi na— sasa wewe mzee, si ungesema tu!"

"Sikuulizwa."

Raili alitaka kumrushia sukari. Lakini Oiva alikuwa ameshaanza, na kwa kuwa ni mtu asiyeanza mara nyingi, akamwacha.

"Mimi nilishasaini saa za mto huu," alisema. "Kiangazi cha mwaka sitini, nina miaka kumi na sita. Serikali ilitaka magogo yateremke bila kukwama, ikaleta baruti na mishahara. Baba yako ndiye aliyekuwa msimamizi, na daftari la saa alilishika yeye. Kila jioni: jina, tarehe, aina ya kazi, saini. Kama hiyo yako. Hata mistari yake naona ni ile ile."

"Baba hakuwahi kunisimulia."

"Ulimuuliza?"

Raili akacheka bila kupenda. Oiva hakucheka.

"Saarikoski tuliimaliza kwa siku mbili. Katikati palikuwa na jiwe, kubwa kama tanuri la mkate, juu bapa. Mama alikuwa anasimama pale kuvua. Baba yangu alifia vitani, sisi watoto watano, nyama yetu ya Jumapili ilikuwa ni trauti wa jiwe lile. Basi baba yako akauliza, nani mwepesi wa miguu akaweke baruti? Nikanyoosha mkono. Unamjua kijana wa miaka kumi na sita, Raili, anataka kuonekana. Nikaiweka, nikakimbia, jiwe likapaa vipande vipande. Watu wakanipigia makofi. Jioni nikasaini. Oiva Karppinen, saa nane."

"Na mama yako?"

"Alikuja na ufito wake wa kuvulia na ndoo. Hakuwa ameambiwa. Akasimama ukingoni akaona maji yamenyooka, ya kahawia, yanakimbia tu. Akageuka, akaenda nyumbani akamenya viazi. Majira yote ya baridi tulikula viazi na chumvi. Mimi nilikuwa nimenunua baiskeli. Hakuniuliza kitu. Miaka ishirini na sita aliishi baada ya hapo. Angeniuliza hata mara moja tu, 'Oiva, ni wewe?', ningemwambia samahani. Lilikuwa hapa mdomoni. Hakuuliza, sikusema, akafa."

Machozi yalimtoka Raili, wala hakuyafuta. Alimkumbuka mama huyo kwa mbali, kitambaa cha kijivu kichwani, kimya kanisani, benchi la nyuma. Na akamkumbuka baba yake, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kijijini, akasikia uchungu ambao hakujua auelekeze wapi.

"Sasa niandike tena jina langu kwenye mistari ile ile," alisema Oiva, "niseme nimejitolea? Nimemsaidia nani? Nimelivunja mwenyewe. Mtu anayefuta alichomwaga hasaini."

"Mimi sitabishana na wewe," Raili akasema alipoweza kusema. "Ila nikwambie moja, na ukikasirika ukasirike. Saa zako za kuvunja aliandika baba yangu, naye amekwenda kaburini hajarudisha mtoni hata punje ya mchanga. Kama ni aibu, basi tuko wawili, mimi na wewe. Na la pili: jina lako lisipokuwepo, na la Eila halitakuwepo, na la yeyote halitakuwepo. Saarikoski itabaki hivyo hivyo ulivyoiacha wewe ile siku ya makofi. Moja kwa moja."

Yalikuwa maneno makali, aliyasikia mwenyewe yalivyotoka. Oiva aliitazama ile karatasi.

"Iache hapo mezani," akasema.

Alhamisi watu walikuja mtoni, Oiva hakuja. Kwa mara ya kwanza kiangazi kile ndoo yake ilikaa ukingoni imefunikwa kifudifudi. Raili alibeba changarawe roho juu. Amemuua mzee wa watu kwa maneno, alifikiri. Amekaa huko peke yake na mama yake na baiskeli. Mara tatu alitaka kuacha kazi aende kwake, mara tatu akaona atazidi kumharibia. Na wale wengine ishirini na mmoja, mnadhani kuna aliyesema, "Jamani, Oiva yuko wapi leo?" Thubutu! Walimwaga changarawe, wakala mkate wa iliki, wakatazama kule kwenye njia kwa pembe za macho, wakaendelea.

"Kwa hiyo Jumatatu napakia?" Jarmo akamuuliza Raili polepole, siku ilipoisha. Hakuwa na utani tena. Alishaupenda ule mto, na alishachagua mawe ya Saarikoski yote, moja moja, kutoka kwenye malundo yaliyosukumiwa ukingoni enzi zile.

"Sijui, Jarmo. Niulize kesho."

Kesho yake, Ijumaa, saa moja asubuhi, Raili alikwenda barabarani kuchukua gazeti kwenye sanduku la barua. Fomu ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili.

Ilikuwa imejaa. Majina kwa majina, tarehe kwa tarehe, mbele mpaka nyuma, na karatasi ya ziada iliyochanwa kwenye daftari la shule la zamani. Eila yuko, saa arobaini na moja, kubeba changarawe na kuoka. Wote wako. Raili akampigia Eila papo hapo, akiwa na kandambili barabarani.

"Alikuja jana jioni na baiskeli," alisema Eila. "Oiva! Na baiskeli! Anahema kama ng'ombe. Kazunguka nyumba zote, mpaka kule kwa kina Huovinen ng'ambo ya ziwa. Akanipa kalamu akasema, 'Saini.' Nikasaini."

"Hukumuuliza kilichombadilisha?"

"Wewe Raili una nini? Nimuulize vipi?"

Raili akakata simu, akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho kabisa, ambako mzee alijiweka mwenyewe. Oiva Karppinen. Tarehe zote. Saa mia mbili na kumi na nne. Na kwenye safu ya aina ya kazi, ambapo watu ishirini na mbili wameandika kubeba changarawe, kusogeza mawe, kukata vichaka, kupika, Oiva alikuwa ameandika maneno mawili kwa mwandiko wake wa kukwaruza: kuomba radhi.

Akakaa chini pale pale kwenye nyasi zenye umande.

Mjini ni kilomita sabini. Njiani Raili alijisemesha peke yake ndani ya gari. Amwambie abadilishe? Alikuwa na muda wa kurudi. Ni maneno mawili tu, yafutwe, yaandikwe mengine mawili, hakuna atakayejua. Lakini kila akifika mahali pa kugeuzia gari, mkono haukugeuza usukani. Alimuuliza mtu swali na mtu amemjibu. Amrudie amwambie jibu lako halifai kwenye fomu?

Henna alisoma fomu taratibu, kalamu inashuka mstari kwa mstari, midomo inahesabu. Alipofika mwisho kalamu ikasimama.

"Hii ni nini?"

"Ndicho alichofanya."

"Raili." Henna akavua miwani. "Orodha ya kazi zinazokubalika ninayo hapa. Changarawe, mawe, vichaka, chakula, usafiri. Hii haimo. Na nikizitoa saa zake mnabaki na mia nne ishirini na saba. Mnaanguka vibaya."

"Najua."

"Mpigie basi. Aandike upya, anitumie picha kwa simu, tumalize. Hata sasa hivi."

Raili akapiga, akaweka sauti ya nje ili binti asikie mwenyewe. Simu ililia muda mrefu mpaka Oiva alipoipata.

"Oiva, niko ofisini. Wanasema ile aina ya kazi haimo kwenye orodha yao. Wanauliza kama unaweza kuandika kubeba changarawe."

Mbwa wa mtu alibweka huko upande wa pili.

"Wewe si uliniuliza?" alisema Oiva. "Nimekujibu. Sitajibu mara mbili." Kisha, kwa upole zaidi, "Samahani, Raili. Siwezi." Akakata.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane na nusu. Henna alitazama orodha, akatazama fomu, akatazama dirishani, akatafuna mwisho wa kalamu kama mwanafunzi. Raili hakumsukuma. Alikaa mikono mapajani, akajisikia amechoka mwili mzima, akawaza kwamba Jumatatu itabidi amwambie Jarmo apakie, na jambo la ajabu ni kwamba hakuwa na hasira na mtu yeyote.

"Nikuulize kitu," Henna akasema mwishowe. "Unijibu ukweli mtupu, maana nitauandika. Huyo mzee, wakati alipokuwa anaomba radhi saa zote hizo, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Raili akamwangalia.

"Ilikuwa imeshika ndoo," akasema. "Ya changarawe. Mbili mbili kwa wakati mmoja. Tulimkataza, hakusikia."

"Mbili mbili," akarudia Henna. Akavaa miwani, akainama, na pembeni kabisa mwa yale maneno ya Oiva, bila kuyafuta, bila kuyagusa, akaongeza kwa herufi ndogo nadhifu: kwa ndoo za changarawe. Akatia saini yake chini, tarehe, na muhuri. "Mkaguzi akiuliza," akasema, "nitamwambia aje anione mimi."

Jumanne iliyofuata kijiko kiliingia Saarikoski. Mvua ilikuwa bado haijaja, mto uko chini, siku nzuri ya kazi. Mawe yalianza kurudi toka asubuhi na mfereji ukaanza kupoteza unyoofu wake, maji yakitafuta njia huku na huku, hayajazoea. Lile jiwe la katikati walilibakiza kwa mwisho kabla ya kahawa. Lenyewe halikuwepo tena, limesambaa mtoni vipande vipande kwa miaka sitini na zaidi. Jarmo alikuwa amechagua lingine lenye mgongo bapa. Oiva alisimama majini mpaka mapajani, anaelekeza kwa mkono.

"Kushoto."

Jarmo akalipeleka kushoto.

"Nyanyua. Kidogo tena. Lizungushe."

"Mzee, mto hauna sentimita!" Jarmo alipiga kelele kutoka juu.

"Mama yangu alikuwa nazo," Oiva akajibu.

Jiwe likakaa. Maji yakaligonga, yakasita, yakagawanyika, na nyuma yake pakatulia kidimbwi kidogo. Jarmo akazima mashine. Watu wote walikuwa ukingoni na vikombe vyao, wakamwona Oiva anakwenda kwenye lile jiwe, analishika, anapanda kwa magoti. Raili alitaka kukimbilia amsaidie, Eila akamshika mkono. Mzee akasimama, akayumba, akatulia.

"Mama," akasema, na alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia juu ya maji, "nisamehe. Ni mimi niliyelivunja."

Watu wa Pahkala wakatazama ndani ya vikombe vyao. Wanaume wazima wakatazama kahawa kana kwamba mmeandikwa kitu mle. Palikuwa kimya, na Raili akajua kimya hicho kingeendelea mpaka Oiva ashuke, na watu wanywe, na warudi kazini, na pasisemwe neno mpaka wote wafe.

"Oiva!"

Alikuwa Eila. Uso umemwiva mwekundu, mkate wa iliki mkononi, maisha yake yote hajawahi kumuuliza mtu jambo lisilomhusu.

"Alikuwa anasimamaje hapo," akauliza, "mama yako?"

Oiva akamtazama. Kisha akageuka polepole, miguu ikatafuta mahali pake juu ya jiwe, akaelekea juu mto unakotoka, akashusha bega la kushoto, akanyoosha mkono wa kulia kana kwamba ameshika ufito.

"Hivi," akasema. "Alikuwa anasimama hivi."